Mto Usiwekwe Chini ya Goti



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona ni vyema tulizungumzie jambo ambalo limekwisha bisha hodi katika nyumba zetu nyingi, nalo ni operesheni ya kubadilisha goti. Wazee wetu waliotangulia kuja nchi hii wamekula chumvi nyingi, na magoti yaliyopanda ngazi za London miaka nenda miaka rudi yamechoka. Operesheni yenyewe ni kazi ya madaktari, nasi hatuna la kuongeza. Tunalotaka kulisema ni juu ya siku zinazofuata, kwani siku hizo mgonjwa yumo mikononi mwetu, na mara nyingi tunamdhuru kwa mapenzi.

Goti la bandia si geni katika mji huu. Mwaka 1970, mpasuaji Michael Freeman wa Hospitali ya London, Whitechapel, akishirikiana na mhandisi Alan Swanson wa Imperial College, alianza kuwatilia wagonjwa mojawapo ya magoti ya mwanzo ya namna tunayoijua leo: chuma upande wa paja, plastiki upande wa muundi. Hospitali hiyo, ambayo sasa huitwa Royal London, iko barabara moja na Msikiti wa East London wanaosali ndugu zetu wengi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba katika kila magoti 100 yaliyobadilishwa yote, kiasi cha 82 hudumu miaka 25. Basi chuma hakina neno. Lakini chuma hakijikunji chenyewe. Hukunjwa na kunyooshwa na misuli iliyokizunguka, na misuli hiyo hutaka kazi.

Sasa tutazame desturi zetu. Mzee akirudi kutoka hospitali hutandikiwa kitanda kizuri, huletewa uji na supu, na wageni hujaa chumbani. Akitaka kunyanyuka, sauti tatu humkataza kwa pamoja: "Kaa, bibi, tutakuletea." Binti mwenye huruma huchukua mto laini akauweka chini ya goti, na mgonjwa hushusha pumzi kwa raha. Hapo ndipo madhara yanapoanza. Goti linalopumzishwa likiwa limekunjwa huponea katika mkunjo huo. Nyama za nyuma hufupika na kovu la ndani hukakamaa. Wiki zikipita, mguu haunyooki tena sawasawa, na asiyeweza kunyoosha goti huchechemea. Mto uwekwe chini ya kisigino, ili goti lijinyooshe kwa uzito wake. Na mguu ukiinuliwa ili uvimbe upungue, mito ibebe shavu la mguu na kisigino, goti likiwa limenyooka.

Hospitali nyingi za hapa humsimamisha mgonjwa siku ile ile ya operesheni au siku ya pili yake, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache tu. Si kwamba wamefukuzwa. Kutembea ni sehemu ya dawa. Nyumbani aendelee kutembea kwa magongo, mwendo mfupi lakini mara nyingi, na afanye mazoezi aliyofundishwa: kukandamiza nyuma ya goti kitandani huku msuli wa paja ukikazwa, kisha kukivuta kisigino kuelekea makalioni taratibu. Goti likikunjika kiasi cha nyuzi 90, mtu huweza kukaa na kuinuka kitini bila tabu kubwa. Anayesahau mazoezi na ayafungamanishe na sala zake. Kila amalizapo sala afanye mazoezi yake, maadamu idadi hiyo imekubaliwa na mtaalamu wake. Ngazini, mguu mzima utangulie kupanda, na mguu uliopasuliwa utangulie kushuka. Wengi huacha magongo baada ya wiki 6 hivi, lakini uvimbe huweza kukaa miezi kadhaa, na goti huendelea kupata nafuu kwa mwaka mzima au zaidi. Asivunjike moyo kwa kujilinganisha na jirani.

Wako wazee wanaokataa dawa za maumivu wakidhani kuvumilia ndiyo subira. Lakini mwenye maumivu makali hawezi kulikunja goti, na dini yetu imetuamrisha tujitibu. Dawa inywewe kwa wakati, kabla ya mazoezi. Ama mafuta ya karafuu na kukanda kwa maji moto, tuyaweke kando kwa sasa. Kidonda kibichi hakitaki mafuta wala kuchuliwa. Kinachofaa ni barafu iliyofungwa katika kitambaa kikavu, kwa dakika 15 hadi 20.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Baada ya operesheni hii damu huweza kuganda mguuni, na donge likipanda mapafuni huua. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia. Sindano nyingi za heparini hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe, na mgonjwa anayelisikia jambo hilo akiwa amekwisha rudi nyumbani huweza kuziacha kabatini kimyakimya. Hiyo ni hatari kubwa. Ni haki yake kuuliza kabla ya siku ya operesheni, kwani zipo dawa nyingine: aspirini, vidonge vya rivaroxaban, na sindano ya fondaparinux isiyotokana na mnyama. Daktari ataamua ipi inamfaa, na ikibaki ile moja tu, sheikh aulizwe kuhusu hukumu ya dharura. Asijikatie shauri peke yake.

Na sala? Goti si kiungo cha udhu, kwa hiyo kidonda hakimzuii mtu kutawadha; kinachomtaabisha ni kuufikia mguu, na hapo atiliwe maji na mwenziwe. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu, hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi anayeweza kusimama asimame, na sijda aifanye kitini kwa kuinama zaidi kuliko rukuu. Kovu likipona, mtaalamu aulizwe kama anaweza kujaribu kupiga magoti juu ya kitu laini. Wengine hawarudii kupiga magoti kwa raha maisha yao yote. Kiti msikitini si aibu.

Watoto wa nyumba nao wana wajibu wao. Ondoeni mikeka na mazulia yanayoteleza. Mleteeni kiti kirefu chenye mikono, na kwa wiki za mwanzo msimketishe jamvini kula. Hospitalini ombeni mkalimani wa Kiswahili, nanyi hamtalipa. Mambo ya dawa asiachiwe mtoto wa shule kuyafasiri. Safari ndefu ya ndege, iwe ya Mombasa, Zanzibar au Makka, isipangwe kabla ya daktari kuridhia.

Zijueni pia alama za hatari. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha na homa ikapanda, pigeni simu wadini au 111 siku hiyo hiyo. Pumzi zikimbana ghafla au kifua kikiuma, pigeni 999 pale pale.

Ndugu zetu, kumwambia mama "kaa" ni rahisi, na kumwambia "inuka" siku ya tatu, naye machozi yanamlengalenga, ni kazi nzito. Mpeni mkono, mhesabieni hatua, kisha mwekeeni mto wake chini ya kisigino.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote na awape wanaowauguza nguvu na subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.