Kabla ya Kuvisha Jino Kofia

Mtu aliyekulia Arumeru, Hai au maeneo ya Nakuru akihamia mjini, meno yake humtangulia kujieleza. Yana mabaka ya kahawia, pengine na vishimo, na asiyejua humhukumu papo hapo kuwa ni mvivu wa mswaki. Hukumu hiyo si ya haki, na ina gharama yake: kijana huzoea kucheka huku amefunika mdomo, na akishapata mshahara huenda kwa daktari wa meno na ombi moja tu, avishwe kofia meno yote ya mbele yawe meupe. Ombi linaeleweka, lakini mara nyingi si la kukubaliwa haraka. Jino lililoharibiwa na floraidi lafaa kutengenezwa kwa kuanza na tiba inayolikwangua kidogo kabisa, na kofia ije mwisho, ikibidi. Sababu imo katika namna doa lenyewe linavyotokea.

Floraidi ya kaskazini mwa Tanzania hutoka kwenye miamba ya volkano, na maji ya chemchemi, mito na visima huipitia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, maana kikomo cha chini kingefunga visima ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza kiasi kingine. Enameli ya meno ya utu uzima hujengwa ndani ya taya tangu mtoto anapozaliwa hadi afikishe takriban miaka 8, na floraidi ikizidi katika kipindi hicho, protini inayopaswa kuondoka ili madini yakae hubaki mahali pake. Jino huota likiwa na mabaka meupe kama chaki, si ya kahawia. Ni baadaye tu, mdomoni, matundu madogo yasiyoonekana kwa macho yanaponyonya rangi ya vyakula na vinywaji mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo rangi ni mgeni, na mara nyingi haijaingia ndani sana. Chini yake kuna jino hai, lenye mzizi imara.

Hilo si jambo jipya kwa wataalamu. Frederick McKay alipofungua kazi Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta wenyeji wenye meno ya kahawia, na baadaye akatambua kuwa meno hayohayo hayakuwa mepesi kuoza. Kisababishi kilijulikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kukuta floraidi. Kilichosahaulika ni kwamba hata kabla jibu halijapatikana, wapo madaktari waliokuwa wakijaribu kuyatoa madoa hayo kwa asidi, bila kulikata jino. Njia hiyo imeboreshwa. Siku hizi daktari huziba ufizi kwa mpira, kisha husugua jino kwa asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa na unga laini wa jiwe, na kinachoondoka ni sehemu ndogo tu ya milimita. Doa likibaki, jino hung'arishwa kwa jeli maalumu inayovaliwa usiku kwa wiki kadhaa. Mabaka meupe yaliyosalia yanaweza kunyweshwa rezini nyepesi, na vishimo hujazwa kompoziti ya rangi ya jino. Kofia hufanya kinyume: ili ikae vizuri, daktari huchonga pande zote za jino na kuondoa zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana. Enameli haioti tena.

Atakayepinga atasema kofia humaliza kazi kwa ziara mbili, wakati njia ya hatua kwa hatua hudai uvumilivu, na huenda jino lisifikie weupe aliouona kwenye picha. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kung'arisha huweza kufanya meno yasisimke kwa baridi kwa muda, na kwamba mabaka meupe huonekana zaidi siku za mwanzo. Tena wapo wagonjwa ambao floraidi imewamegua enameli hadi jino limepoteza umbo. Hao wanastahili kofia, na kuwanyima kwa jina la tahadhari ni kuwatesa. Hoja yangu inawahusu wale wengine, ambao jino lao ni zima na tatizo ni rangi. Kwao hatua ndogo hazifungi mlango wowote: zisiporidhisha, kofia bado inawezekana. Aliyeanza na kofia hana pa kurudi.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kususia dawa ya meno yenye floraidi, kwa kuwa floraidi ndiyo iliyowaharibu. Hapa kuna mkanganyo. Kilicholeta doa ni floraidi iliyomezwa utotoni. Inayopakwa kwenye jino lililokwisha kuota hulikinga lisioze, na mtu mzima hawezi kupata doa jipya kwa kupiga mswaki. Tahadhari ni ya mtoto mdogo, ambaye humeza: chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, kisha afundishwe kutema. Ndimu, mchanga na mkaa hata visijadiliwe. Vinakwangua enameli dhaifu bila kipimo.

Daktari makini atauliza pia jambo lisilohusu kinywa kilicho mbele yake: nyumbani kuna watoto wa umri gani, na wanakunywa maji yapi? Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Kichujio cha kawaida hakiizuii. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto na pia Nakuru, au maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Familia isiyoweza kuchuja maji yote inaweza kuanza na ya kunywa na kupikia ya walio chini ya miaka 8.

Gharama nayo ihesabiwe kwa urefu wa maisha. Kompoziti hubadilika rangi na kuhitaji kusafishwa au kurudiwa, kazi ya saa moja hivi. Kofia nayo huchakaa, na aliyevishwa akiwa na miaka 22 atabadilishiwa zaidi ya mara moja, kila mara juu ya kisiki kidogo kuliko cha awali, pengine na mzizi uliokwisha kufa.