Chupa Mlangoni: Kanuni za Pombe ya Msafiri, kutoka Meli za Utalii hadi Lubumbashi

Kanuni inayomkataza msafiri au mgeni kuingia na pombe yake mwenyewe ni ya zamani kuliko meli kubwa za utalii zinazojulikana leo kwa ukali wake, na wakazi wa Lubumbashi wameishi chini ya kanuni za namna hiyo tangu mji wao ulipoanza kujengwa mwaka 1910. Kanuni hizo zimebadilika sura mara nyingi: zimekuwa mkataba wa mataifa, amri ya serikali ya kikoloni, tangazo la wizara kuhusu mpaka, sharti la shirika la ndege na masharti ya ukumbi wa harusi. Hata hivyo, ndani ya nyingi kati yake hukutana makusudi matatu, yaani usalama wa watu, mapato ya serikali na faida ya muuzaji, na ugumu mkubwa wa jambo hili hutokana na desturi ya kuyachanganya makusudi hayo na kutaja moja tu, lile linalosikika vizuri zaidi.

Mfano wa meli

Meli ya utalii ni hoteli inayoelea, ambamo abiria hulala, hula na kustarehe kwa siku kadhaa huku meli ikipita bandari moja baada ya nyingine. Kampuni kubwa za Marekani zinazoendesha safari hizo, zikiwemo Carnival na Royal Caribbean, humruhusu kila abiria aliyetimiza umri wa kunywa kuingia na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kuanza safari, na hukataza bia na pombe kali zinazotoka nje. Chupa aliyoinunua abiria kwenye bandari ya njiani huchukuliwa na wahudumu langoni na kuhifadhiwa hadi mwisho wa safari, na anayetaka kunywa mvinyo wake katika chumba cha chakula hutozwa ada ya kufungulia chupa, ambayo ni malipo kwa mwenye nyumba kwa sababu kinywaji hakikununuliwa kwake.

Sababu ya kwanza inayotolewa ni usalama, na ni sababu ya kweli. Mhudumu wa baa anaweza kuhesabu glasi alizompa mteja na kumnyima nyingine anapoona amelewa, lakini hana uwezo wowote juu ya chupa iliyofichwa chumbani. Tena mlevi aliye baharini anaweza kuanguka majini usiku, mahali ambapo hospitali iko mbali na uokoaji ni mgumu. Sababu ya pili hutajwa kwa sauti ndogo zaidi: nauli ya safari hizo mara nyingi hushushwa ili kuvutia watu, na sehemu kubwa ya pato hupatikana ndani ya meli, kwenye baa, kamari, maduka na matembezi ya kulipia. Kama usalama ungekuwa sababu pekee, ingekuwa vigumu kueleza kwa nini meli ileile inayomnyima abiria chupa yake humuuzia tikiti maalumu ya vinywaji, inayompa ruhusa ya kuagiza glasi nyingi kila siku kwa bei moja aliyoilipa mapema.

Kwa mkazi wa Lubumbashi, mji usio na bahari, kanuni iliyo karibu zaidi ni ile ya uwanja wa ndege wa Luano. Masharti ya kimataifa ya usafiri wa anga hugawanya pombe kwa nguvu yake: isiyozidi asilimia 24 ya kileo haina kikomo cha kiusalama katika mizigo inayopakiwa chini ya ndege, ile iliyo kati ya asilimia 24 na 70 haipaswi kuzidi lita 5 kwa kila msafiri na lazima iwe katika chupa za dukani, na iliyozidi asilimia 70 hairuhusiwi kabisa kwa sababu hushika moto upesi. Hapa sababu inaeleweka bila maelezo marefu, kwa kuwa kipimo kimefungwa na hatari yenyewe, wala bei ya kinywaji au mahali kiliponunuliwa havina nafasi katika hesabu hiyo. Mashirika mengi ya ndege huongeza sharti kwamba abiria asinywe ndani ya ndege pombe yoyote isipokuwa ile aliyopewa na wahudumu, na mantiki yake ni ileile ya mhudumu anayehesabu glasi.

Mji uliozaliwa ndani ya katazo

Historia ya Lubumbashi inaonyesha jinsi kanuni ya aina hii inavyoweza kuvaa vazi la huruma na kubeba ubaguzi ndani yake. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kujadili biashara ya watumwa yalitia saini mkataba ambao, pamoja na mambo mengine, uliweka eneo la udhibiti wa pombe kali barani Afrika, kuanzia latitudo ya nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Katanga yote, ambako Lubumbashi ipo, iko ndani ya eneo hilo. Mkataba ulizuia kuingiza na kutengeneza pombe kali mahali ambapo matumizi yake yalikuwa hayajaenea, lakini uliacha mlango wazi kwa kiasi maalumu kilichokusudiwa watu wasio wenyeji. Kwa hiyo Mzungu aliyeshuka kutoka kwenye treni ya Rhodesia iliyofika Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, mwaka 1910, aliweza kuwa na chupa ya wiski ambayo mfanyakazi aliyembebea sanduku hakuruhusiwa kuigusa.

Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 1919 ulikaza kamba zaidi, kwa kupiga marufuku pombe kali za bei nafuu zilizotengenezwa Ulaya kwa ajili ya biashara ya Afrika, kuzuia utengenezaji wa pombe za kukeneka, yaani zile zinazopatikana kwa kuchemsha kinywaji kilichochacha na kuupoza mvuke wake, na hata kuzuia uingizaji wa mitambo ya kazi hiyo. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika alinyimwa mvinyo na pombe kali hadi miaka ya 1950, wakati ambapo wasomi wa mijini walilihesabu katazo hilo miongoni mwa alama za kudharauliwa kwao.

Bia ilipewa nafasi tofauti. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji wafanyakazi wenye nguvu na wenye kufika kazini kwa saa iliyopangwa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifuata sera ya kuwakalisha wafanyakazi na familia zao katika makambi yaliyosimamiwa kwa karibu sana. Katika muongo huohuo kiwanda cha bia kilianzishwa mjini, ambacho wakazi wa leo wanakijua kwa jina la Brasimba na kwa bia zake za Simba na Tembo. Bia ya kiwandani ilikuwa na kipimo kinachojulikana, ililipiwa kodi na iliuzwa mahali panapoonekana, na kwa sababu hizo ilivumiliwa na kisha ikatiwa moyo na watawala.

Munkoyo na lutuku

Kile ambacho kanuni hazikuweza kukifikia kilikuwa jikoni. Munkoyo, kinywaji kinachopendwa kotekote katika ukanda wa shaba, hutengenezwa kwa kupika uji wa mahindi, kuuacha upoe kiasi, kisha kutia mizizi ya mmea wa munkoyo iliyopondwa au kuchanwachanwa. Mizizi hiyo ina vimeng'enya, yaani chembe zinazovunja wanga na kuugeuza sukari, ndiyo maana uji mzito hulainika na kuwa mtamu bila kutiwa sukari yoyote. Siku ya kwanza munkoyo hunywewa na watoto. Ukiachwa siku mbili au tatu huchacha na kupata kileo kidogo. Hakuna mlinzi wa mlangoni anayeweza kuamua kwa kutazama tu kama dumu lililo mbele yake lina chakula au pombe, kwa sababu jibu linategemea siku lilipojazwa.

Lutuku ni jambo jingine. Mahindi na mihogo iliyochachishwa huchemshwa ndani ya pipa lililofungwa vizuri, mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, na tone kwa tone hukusanywa katika chupa pombe kali isiyo na rangi. Kazi hiyo imefanywa zaidi na wanawake, kwa siri wakati wa ukoloni kwa kuwa ilikatazwa, na imewalipia watoto wengi karo ya shule katika vipindi ambavyo mishahara ya mgodini ilichelewa au kukoma. Hatari yake haipaswi kupunguzwa, kwa sababu nguvu ya kinywaji haipimwi na mtu yeyote, na asiye mwangalifu anaweza kuuza kitu kinachodhuru macho na ini. Lakini ni kweli vilevile kwamba katazo la jumla halikuitokomeza lutuku, bali liliiondoa mbele ya macho ya yeyote ambaye angeweza kuipima.

Upande wa pili wa mpaka, watawala Waingereza walichagua njia nyingine, waliyoiiga kutoka Durban, ambako sheria ya Natal ya mwaka 1908 iliipa halmashauri ya mji haki ya kuwa mtengenezaji na muuzaji pekee wa bia ya Waafrika. Nairobi ilifanya hivyo katika mtaa wa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikafuata katika muongo uliofuata: mkazi alikatazwa kutengeneza bia yake nyumbani na kuelekezwa kwenye ukumbi wa halmashauri, ambao faida yake ililipia huduma za mtaa wake mwenyewe. Sababu iliyotangazwa ilikuwa utulivu na afya. Mapato yalikuwa sababu iliyofanya mpango udumu, na wananchi waliliona hilo waziwazi, kwa maana kumbi hizo zilikumbwa na migomo na maandamano katika miaka ya 1950.

Kasumbalesa, Agosti 2024

Mvutano huo haujazikwa na ukoloni. Kasumbalesa, kituo cha mpakani kilicho kilomita zipatazo 90 kutoka katikati ya Lubumbashi, hupitisha malori ya shaba na kobalti yanayoelekea bandari za kusini na mashariki, na hurudisha unga, mafuta, saruji na vinywaji. Mwaka 2024 serikali ya Kongo ilipiga marufuku uingizaji wa bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, na tarehe 10 Agosti Zambia ikatangaza kufunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania; malori yakakwama hadi mazungumzo ya mawaziri yalipowezesha njia kufunguliwa siku chache baadaye. Katazo la namna hii linalinda viwanda vya ndani na ajira zake, na hilo ni kusudi halali kwa serikali yoyote, ila mnywaji na mchuuzi mdogo wa mpakani wana haki ya kuambiwa kwamba ndilo kusudi lenyewe, ili wapime kama bei mpya wanayolipa inalingana na faida inayoahidiwa.

Yapo makatazo ambayo usalama kweli ndio uliyaongoza. Zambia ilipiga marufuku pombe kali za vifuko, zilizojulikana kama tujilijili, mwezi Aprili 2012, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo kwa viroba tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu kifuko kidogo cha bei ya chini kiliingia mfukoni mwa mwanafunzi na mwa dereva bila kuonekana. Makatazo hayo hayakumpendelea muuzaji mmoja dhidi ya mwingine, bali yalilenga aina ya kifungashio na hatari yake, na kwa hiyo yanaweza kujadiliwa kwa matokeo yake.

Haki ya mgeni kwenye ukumbi

Katika komuni ya Lubumbashi, ambayo ndiyo kitovu cha mji chenye ofisi, hoteli na kumbi za sherehe, kanuni hii humgusa mkazi wa kawaida anapooa au kuozesha. Familia hukusanya michango, hununua makasiye (makreti) ya bia na ya sukre, yaani soda, kwa bei ya jumla, kisha hukutana mlangoni na madai ya *droit de bouchon*, ambayo ni ada ileile ya kufungulia chupa inayotozwa melini. Mwenye ukumbi ana hoja: anatoa friji, glasi, wahudumu na usafi, na bila mauzo ya vinywaji kodi ya ukumbi ingepanda. Familia nayo ina hoja, hasa pale ada inapotajwa kwa mara ya kwanza wageni wakiwa tayari wamefika na makasiye yakiwa bado juu ya gari, kwa kuwa wakati huo hakuna nafasi ya kukubaliana bali ni kulipa au kuaibika mbele ya wakwe.

Njia ya haki ipo wala haihitaji sheria mpya ngumu. Kanuni ya usalama iwekwe kwa kipimo kinachofungamana na hatari, kama zifanyavyo ndege, na iwahusu sawasawa wanaonunua ndani na wanaoleta kutoka nje. Kanuni ya mapato iandikwe kwa tarakimu, kama inavyofanya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, inapomruhusu msafiri mwenye umri wa miaka 18 na zaidi lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo bila ushuru. Kanuni ya biashara itangazwe kabla ya mkataba kutiwa saini, ada ya chupa ikiandikwa kwenye karatasi moja na bei ya ukumbi, na mamlaka inayotoa vibali kwa kumbi hizo inaweza kulifanya jambo hilo kuwa sharti la kibali. Mwenye mlango ana haki ya kuweka masharti yake, lakini sharti lolote linalohusu chupa ya mtu mwingine halina budi kutaja sababu yake ya kweli, kwa maana mji huu ulikwisha kutawaliwa kwa miongo kadhaa na katazo lililosema afya huku likimaanisha cheo, na wakazi wake wamelipa vya kutosha gharama ya kutoambiwa ukweli mlangoni.