SURA, USO NA NAFSI: MAELEZO JUU YA PICHA ZA WATU ZIPIGWAZO NA WANAFUNZI

Kila mwanafunzi aingiapo chuoni hutakiwa alete picha ndogo ya pasipoti. Hutakiwa atazame mbele, asicheke, na nyuma yake pawe peupe. Picha hiyo yajibu swali moja tu: huyu ni nani? Lakini mwanafunzi asomaye sanaa ya picha hupewa kazi isiyofanana na hiyo hata kidogo. Huambiwa ampige mtu picha, kisha ajipige mwenyewe, ili mtazamaji apate kujua si jina la mtu bali hali yake. Swali hapa ni: huyu yu vipi? Makala haya yakusudia kueleza kazi hiyo ya pili, jinsi ifanywavyo, na maneno ya Kiswahili yafaayo kuielezea. Maana mara nyingi mwanafunzi hushindwa si kwa ajili ya kamera, bali kwa kuwa hana maneno ya kusema alichokusudia, wala mwalimu wake hana maneno ya kumwuliza.

1. Maneno yenyewe

Neno picha limetoka katika Kiingereza. Pamoja nalo lugha yetu inayo maneno matatu yenye asili ya Kiarabu, nayo ni sanamu, sura na taswira. Sanamu hutumika zaidi kwa umbo la kuchongwa au kufinyangwa, ingawa wapo waiitao hivyo hata picha ya karatasi. Sura na taswira ni ndugu, kwani mzizi wao ni mmoja, nao ni ule wa kutia umbo. Tofauti yao ni kwamba sura ni umbo lenyewe, na taswira ni tendo la kulifanya umbo hilo, au matokeo ya tendo hilo. Kwa hiyo sura mtu huzaliwa nayo. Taswira hana budi kuifanya au kufanyiwa. Msomaji asiichanganye sura hii na sura ya kitabu: kwa Kiarabu ile ya umbo huandikwa kwa herufi ya sadi, na ile ya Kurani kwa herufi ya sini, ila Kiswahili kimeyakutanisha maneno hayo mawili katika matamshi mamoja.

Tena sura si uso. Uso ni kiungo cha mwili, chenye macho, pua na kinywa. Sura ni namna mtu aonekanavyo, na twasema hata sura ya nchi na sura ya mambo. Tofauti hii ndogo ina faida kubwa kwa mwanafunzi wa picha, kama itakavyoonekana mbele.

Kitenzi nacho kina siri yake. Kiswahili hupiga mengi: hupiga hodi, pasi, magoti, mbizi, simu na picha. Mwenye kushika kamera husema, "Nimepiga picha." Lakini na yule aliyeketi mbele ya kamera husema vile vile, "Tulipiga picha siku ya harusi," hali hakuigusa kamera kabisa. Asemapo, "Nilipigwa picha," aghalabu hudokeza kwamba hakuwa na shauri katika jambo hilo. Basi lugha yenyewe yakiri kwamba picha ya mtu ni kazi ya wawili, na kwamba aketiye hana haki pungufu ya kujiita mtendaji. Mwanafunzi akilishika neno hili tangu mwanzo, amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

2. Mwanzo wa picha za nafsi

Mtu kujipiga picha si jambo lililoletwa na simu za siku hizi. Mwaka 1839, yaani mwaka ule ule ufundi wa Daguerre ulipotangazwa huko Ufaransa, Robert Cornelius wa mji wa Philadelphia, Marekani, alijipiga picha ambayo yahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza za nafsi. Ndani yake amekunja mikono kifuani, nywele zimetimka, naye hakukaa katikati.

Mwaka uliofuata, 1840, Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyekufa maji. Bayard naye alikuwa amegundua njia yake ya kupiga picha, lakini serikali ilimtukuza Daguerre na kumwacha yeye. Nyuma ya picha aliandika maneno ya kumlilia "marehemu" huyo, ambaye alikuwa yu hai kabisa. Hapa twaona jambo kuu la somo letu: picha ya nafsi yaweza kuwa ya kuigiza katika kila kitu, na bado ikaeleza kweli, yaani uchungu wa mtu aliyesahauliwa.

3. Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni Seydou Keïta, aliyefungua studio katika mji wa Bamako mwaka 1948. Aliwapiga watu wake uani, kwa nuru ya mchana, na pazia lake la kwanza nyuma ya watu lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Aliweka saa, kalamu, redio na mavazi, ili ajaye aweze kuchagua atakavyo kuonekana. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, alizoea kumpiga mtu mara moja tu. Kwa hiyo mazungumzo na matengenezo yote yalitangulia. Katika mwambao wetu studio zilikuwa na desturi kama hiyo ya pazia na mavazi. Ile iitwayo Capital Art Studio, mjini Unguja, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930.

Wa pili ni Samuel Fosso, aliyezaliwa Kameruni mwaka 1962 na kulelewa Nigeria. Baada ya vita vya Biafra alichukuliwa na mjomba wake mpaka Bangui, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, alikuwa na studio yake. Mchana aliwapiga wateja. Filamu ilipobakiwa na nafasi chache, hakutaka zipotee, akazitumia kujipiga mwenyewe kwa mavazi ya fasheni za siku zile, na nyingine akampelekea bibi yake Nigeria apate kuona kwamba yu mzima. Baadaye picha hizo zilimpa sifa duniani. Lakini asili yake ilikuwa salamu ya mjukuu. Mwaka 2014, katika machafuko ya Bangui, nyumba yake iliporwa, na sehemu ya filamu zake iliokolewa katika vitu vilivyotupwa njiani.

Wa tatu alikuwa mwanafunzi hasa. Francesca Woodman, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1958, alianza kujipiga akiwa na miaka 13, akasoma katika chuo cha sanaa cha Rhode Island kuanzia mwaka 1975. Picha zake nyingi mashuhuri ni kazi za masomo. Huko Providence aliingia katika nyumba kuukuu, akajificha nyuma ya karatasi zilizobanduka ukutani, au akatikisika wakati kamera i wazi, hata mwili wake ukaonekana kama moshi. Alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 22. Katika picha nyingi uso wake hauonekani, au umefutika; hata hivyo mtazamaji hawezi kusema kwamba hakumwona mtu. Uso haupo, sura ipo.

4. Namna ya kufanya kazi

Mwanafunzi aanze na nuru. Jua la saa sita lampiga mtu utosini na kuyatia macho yake gizani. Bora amketishe barazani penye kivuli, au ndani ya mlango, hatua moja nyuma ya kizingiti, nuru imjie upande mmoja. Hapo nusu ya uso itang'aa na nusu itafifia. Akimgeuza kidogo kuelekea mlangoni, ukali hupungua; akimgeuzia ndani, huzidi. Kwa njia hii pekee aweza kueleza furaha, mashaka au utulivu, bila kumwomba mtu acheke au anune.

Pili, ajihadhari na kuta zilizopakwa chokaa. Kipimo cha nuru kilichomo katika kamera hudhani kwamba yote yaliyo mbele yake ni ya wastani, si meupe wala si meusi. Kikiona ukuta mweupe mwingi hupunguza nuru, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake hutoka kama kivuli kisicho na macho. Dawa yake ni kupima nuru karibu na uso wenyewe, au kuongeza nuru kupita kile kipimo kinachoshauri. Kosa hili si dogo, kwani humnyima mtu sura yake bila mpigaji kukusudia.

Tatu ni umbali. Kamera ikisogezwa sana, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Ndiyo sababu picha nyingi za simu iliyoshikwa kwa mkono humgeuza mtu. Mita moja na nusu hadi mbili zafaa, na lenzi ya milimita 85 kwa filamu ya milimita 35 imependwa kwa kazi hii.

Nne ni muda. Kamera ikiwa juu ya stendi na mlango wake ukafunguliwa nusu sekunde au sekunde nzima, kilichotulia hutoka wazi na kilichotikisika huenea. Kiti kitaonekana imara na mtu atapita kama upepo. Ufundi huo wafaa kueleza wasiwasi au kuondoka, mradi utumike kwa sababu na si kwa mchezo.

Katika kujipiga iko taabu ya pekee. Wahenga walisema, Nyani haoni kundule. Mtu huijua sura yake kwa kioo, na kioo humgeuza kulia kushoto. Aionapo picha hujiona mgeni. Wanafunzi wengi huzitupa picha zao bora kwa sababu hii tu. Yafaa wamwonyeshe mwenzao kabla ya kuchagua, na kumwuliza si kama picha ni nzuri, bali ameona nini.

5. Ridhaa na stara

Picha ikishatoka mkononi hairudi. Katika nyumba nyingi za mwambao picha ya mwanamke ni amana ya jamaa, si kitu cha kubandikwa ukutani mwa chuo. Mwanafunzi na aombe ridhaa mara mbili: kabla ya kupiga, na tena kabla ya kuonyesha, mtu akiwa ameiona picha. Akikataliwa, asihesabu kwamba kazi imeharibika. Mikono ya bibi akisuka ukili, mgongo wake dirishani, kivuli chake juu ya mkeka, kila kimoja chaweza kuwa picha kamili ya mtu huyo. Stara si adui wa sanaa hii. Mwanafunzi ambaye amenyimwa uso hulazimika kuitafuta sura.

6. Mapendekezo

Kwa ajili ya mafundisho, makala haya yapendekeza maneno manne. Picha ya mtu iwe jina la jumla. Picha ya kitambulisho iwe ile ijibuyo "ni nani". Taswira ya mtu iwe ile iliyokusudiwa kueleza hali yake. Na taswira ya nafsi iwe ile ambayo mtu amejieleza mwenyewe, hata kama mkono uliobonyeza kamera ni wa mwenzake. Ama kujipiga picha, au selfi kama vijana wasemavyo, kubaki jina la tendo la mkono tu. Kwa kipimo hicho, picha nyingi za kujipiga si taswira za nafsi. Na picha ambayo mteja wa Bamako alichagua kwa makusudi redio, koti na mkao wake yakaribia sana kuwa taswira ya nafsi yake.

Wenye kupinga watasema kwamba kamera haijali majina. Ni kweli, lakini mwalimu hujali. Mwanafunzi akiletewa maneno haya, mwalimu aweza kumwuliza kwa lugha yake mwenyewe: umetupa uso, sura i wapi? Na mwanafunzi akarudi mlangoni, penye nuru, kuitafuta.