Selimundu: Urithi wa Wazazi Wawili, Lawama kwa Mama Peke Yake

Wazazi wa Nyangamara, sawa na wenzao wa Kilwa na pwani yote ya Lindi, hawana haja ya kuelezwa malaria ni nini. Kisichojulikana sana ni kwamba vita vya karne nyingi baina ya ugonjwa huo na miili ya wazee wetu vimeacha alama katika damu tunayorithishana. Alama hiyo huokoa watoto wengi, na hiyo hiyo ndiyo chanzo cha selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita sikoseli.

Mwaka 1949 mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana asili ya selimundu. Nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja katika 100. Maradhi yauayo watoto yawezaje kudumu kwa wingi huo? Jibu alilichapisha mwaka 1954: aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata hifadhi dhidi ya malaria.

Kila mtoto hupokea jeni mbili za hemoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye mbili za kawaida huitwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya selimundu ni AS, naye kwa kawaida huishi bila kuumwa. Aliyepokea mbili za selimundu ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Hatari ya mtoto wa AS kupata malaria kali hupungua kwa takriban asilimia 90. Malaria ya kawaida bado humpata, kwa hiyo chandarua kisiondolewe kitandani mwake.

Zamani ilidhaniwa kazi yote hufanywa na chembe nyekundu ya damu, ambayo kimelea hakistawi vyema ndani yake. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha jambo la ziada. Katika miaka miwili ya mwanzo, hifadhi ya mtoto wa AS dhidi ya malaria ya kawaida ilikuwa asilimia 20 tu. Ikapanda hadi asilimia 56 alipofikia miaka 10, kisha ikashuka hadi asilimia 30. Kama ingekuwa ni chembe ya damu peke yake, hifadhi isingekua pamoja na mtoto, maana chembe ni ile ile tangu utotoni. Yaelekea jeni hiyo husaidia kinga ya mwili kumtambua adui mapema kuliko kwa watoto wengine. Na baada ya miaka 10 tofauti hupungua kwa sababu wenzao nao wamekwishajenga kinga yao.

Mtoto wa SS hana bahati hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa, kwani damu yake ni chache tayari na bandama yake huharibika mapema. Naye huzaliwa akionekana mzima kabisa, maana hemoglobini ya tumboni hubaki mwilini miezi ya mwanzo. Ikiisha, aghalabu baada ya miezi sita hivi, mikono na miguu huvimba, macho huwa manjano, kilio hakikomi. Hapo ndipo jirani hushukiwa kijicho na mama huambiwa ana damu mbaya. Hatukanushi kuwapo kwa husuda, lakini uvimbe huu una kipimo chake hospitalini, na kuchelewa kwa ajili ya kutafuta mchawi kumegharimu maisha.

Na hili la kumlaumu mama tulisemee wazi. Mtoto hawi SS ila baba naye ametoa nusu. Mume anayetoa talaka kwa sababu hiyo, kisha akaoa mwanamke mwingine mwenye AS, atakabiliwa na hatari ile ile: katika kila mimba, nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS. Ni kila mimba, wala si kwamba mmoja akishaugua watatu wafuatao wamesalimika. Ndoa za binamu, ambazo dini haikuziharamisha, huongeza uwezekano huo iwapo asili imo katika ukoo.

Kipimo huhitaji damu kidogo tu, na wakati wake mzuri ni kabla ya mahari kupokewa. AA akioana na AS, hawatazaa mtoto wa SS, na posa yao haina sababu ya kuvunjwa. Wote wawili wakiwa AS, walii na wachumba wakae na daktari kabla ya kumwita shekhe. Waliokwisha kuzaa mtoto wa SS wasikate tamaa: Muhimbili imekuwa ikifuatilia wagonjwa hawa tangu mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, na ipo dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu.