Je, Wajua? Betri Moja Mbovu Hulemaza Gari Zima la Gofu

• Gari la gofu la volti 48 mara nyingi hutumia betri sita za volti 8 zilizoungwa kwa mfuatano. Umeme uleule hupita katika kila betri, hivyo moja ikichoka, gari zima huishiwa nguvu, hasa kwenye mlima.

• Betri ya volti 8 ya risasi na asidi, ikijaa na kutulia saa kadhaa, husoma karibu volti 8.5. Lakini hata betri mbovu yaweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika. Pima kila betri wakati mota inavuta gari: itakayoshuka ghafla kuliko nyingine ndiyo yenye kasoro.

• Chaja nyingi hazianzi kuchaji betri zikiwa zimekauka chaji kupita kiasi. Chaja ikinyamaza, usikimbilie kununua nyingine.

• Kutu kwenye vichwa vya betri au nati iliyolegea hupunguza nguvu hata kama betri ni nzima. Anza kukagua hapo.

• Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Usivute sigara karibu nayo, na vua pete kabla ya kushika spana, isije ikatoa cheche.