Kidude cha Kupunguza Umeme: Tukipime kwa Mita Yetu



Katika mikutano yetu ya huku kando ya ziwa, kuanzia Gitaza mpaka Rumonge, tumeulizwa sana juu ya kidude cha plastiki kinachochomekwa ukutani. Taa yake ya kijani ikiwaka, muuzaji asema matumizi ya umeme yatapungua karibu nusu. Wenzetu kadhaa wamekwisha kutoa mshahara wa siku nyingi kukinunua. Jibu letu ni kwamba kidude hicho hakipunguzi malipo ya umeme wa nyumbani. Lakini hatutaki mtuamini hivi hivi, maana sababu yake inaeleweka, na kila mwenye mita aweza kupima mwenyewe.

Ndani ya vidude hivi kwa kawaida mna taa ndogo, waya chache, na kapasita moja. Vingine havina hata hiyo kapasita, ni taa tu.

Kapasita ni kifaa cha kweli chenye kazi yake. Chukueni mfano wa michikichi. Vibarua wabeba mikungu kutoka shambani mpaka kwenye mizani, nao hulipwa kwa kilo zilizopimwa. Sasa tuseme wako wengine wapitao njia ile ile, wakafika na vikapu vyao na kurudi navyo bila kuvitua. Njia itajaa watu, lakini karani wa mizani haandiki kitu kwa ajili yao. Umeme nao uko hivyo. Vyombo vyenye mota, kama jokofu, feni na mashine za kiwandani, huvuta umeme unaofanya kazi, pamoja na mwingine unaoingia kwenye koili na kurudi ulikotoka. Kapasita inayolingana na mota hupunguza huo wa kwenda na kurudi. Mita ya nyumbani, lakini, ni karani wa mizani: huhesabu kilowati-saa, yaani kazi iliyofanyika, basi. Na balbu ya kawaida au pasi haina umeme wa kwenda na kurudi hata kidogo, kwa hiyo hapo kidude hakina cha kushika.

Ndiyo maana muuzaji hapendi kusoma mita. Yeye huleta kipima ampea, hukifunga kwenye waya wa mota, na namba hushuka mbele ya macho yenu. Amehesabu watu walioko njiani, hakusoma mizani.

Viwandani mambo ni tofauti. Nchini Kenya, kwa mfano, mtumiaji mkubwa ambaye kipimo chake cha umeme wa namna hii kiko chini ya 0.9 hutozwa nyongeza. Mwenye kiwanda hufunga kapasita kubwa zilizopigiwa hesabu na fundi, na hupata faida. Wauzaji wamechukua ukweli huo wa kiwandani wakauleta chumbani kwa kibarua. Idara ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ililieleza jambo hili katika chapisho la mwaka 2009, ikasema wazi kwamba mwenye nyumba hapati nafuu ya malipo.

Sasa pimeni. Mita nyingi za Cash Power zina taa ndogo inayomweka, na pembeni pameandikwa namba, tuseme 1000 imp/kWh. Maana yake ikimweka mara 1000, uniti moja imekwisha. Zimeni vyombo vyote, washeni balbu moja ya zamani ya wati 60. Kwa dakika 10 taa itamweka kama mara 10. Chomekeni kidude, hesabuni dakika 10 nyingine. Kisha rudieni kwa feni, maana muuzaji atawaambia balbu haina mota. Tofauti ya mmweko mmoja isiwashangaze, hutokana na mahali mlipoanzia kuhesabu.

Wako wanaoapa kwamba uniti zao sasa zadumu zaidi. Hatusemi ni waongo. Mtu akinunua kidude huanza kuangalia mita kila siku na kuzima taa. Tena umeme ukikatika siku kadhaa katika mwezi, hata kipande cha ubao ukikitundika ukutani kitaonekana kimepunguza matumizi!

Liko na jambo la hatari. Kapasita hafifu isiyo na fyuzi huweza kupata joto na kuwaka watu wakiwa wamelala. Kikitoa harufu au joto, kichomoeni. Msikifungue, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Fedha hiyo ingenunua balbu za LED. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 9 kwa siku 30. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia huo, hula 1.35. Pasi ya wati 1000 hula uniti nzima kwa saa moja ya kuwaka mfululizo, kwa hiyo pigeni nguo za wiki kwa mara moja.

Kwa wale wanaopanga vyumba kadhaa kwenye mita moja, shida kubwa mara nyingi iko kwenye mgawanyo wa malipo: mwenye balbu moja alipa sawa na mwenye jokofu. Hao wamwombe mwenye nyumba kwa pamoja, si mmoja mmoja, afunge mita ndogo kwa kila chumba. Wanaotaka kupanga maneno ya kumwambia, tuonane baada ya mkutano ujao, na mwenye kidude aje nacho tukipime pamoja.