Mawingu yaendelea kuwaumiza vichwa wataalamu wa tabianchi

Iwapo kiwango cha hewa ya ukaa angani kitaongezeka maradufu, dunia itapata joto kiasi gani? Swali hilo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 40, na kikwazo kikubwa cha kulijibu ni mawingu.

Mwaka 1979, jopo la wanasayansi wa Marekani lililoongozwa na Jule Charney lilikadiria kuwa joto lingeongezeka kwa kati ya nyuzi 1.5 na 4.5 za Selsiasi. Katika ripoti yake ya mwaka 2021, jopo la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilitaja kati ya nyuzi 2.5 na 4, huku likiyataja mawingu kuwa chanzo kikuu cha mashaka yaliyosalia.

Ugumu huo unatokana na mawingu kufanya kazi mbili zinazopingana. Mawingu mazito ya chini, hasa yanayotanda juu ya bahari, huurudisha mwanga wa jua ulikotoka, mithili ya mwavuli. Yale membamba ya juu sana huupitisha mwanga, lakini huzuia joto linalotoka ardhini, mithili ya blanketi. Kwa jumla, mwavuli una nguvu zaidi, hivyo mawingu huipoza dunia.

Hewa ya ukaa inapoongezeka, mizani hiyo huyumba. Kwa kawaida, sehemu ya juu ya wingu la chini hupoteza joto. Hewa iliyopoa hushuka, na yenye unyevu hupanda kutoka baharini kulilisha wingu. Hewa ya ukaa ikizidi, kupoa huko hudhoofika na wingu hukosa unyevu.

Programu za kompyuta zinazotabiri tabianchi huigawa dunia katika miraba ambayo mingi ina upana wa kilometa 100 hivi, ilhali wingu moja laweza kuwa na mita mia chache tu. Kwa hiyo, mawingu hukadiriwa kwa kanuni, na kanuni hizo hutofautiana baina ya programu moja na nyingine.

Mwaka 2019, Tapio Schneider wa Taasisi ya Teknolojia ya California na wenzake waliiga kwa undani mawingu ya eneo dogo la bahari. Walibaini kuwa hewa ya ukaa ikizidi sehemu 1,200 katika kila milioni, mawingu hayo husambaratika na dunia huongezeka joto kwa nyuzi 8 hivi. Kabla ya enzi ya viwanda kiwango kilikuwa sehemu 280. Sasa kimepita 420.

Mawingu ya aina hiyo hutanda nje ya pwani za California, Peru na, kwa upande wa Afrika, Namibia na Angola. Mei 2024, Ulaya na Japani zilirusha setilaiti ya EarthCARE kuyachunguza mawingu kwa karibu zaidi. Vipimo vyake vinatarajiwa kusaidia kupunguza pengo lililopo kati ya nyuzi 2.5 na 4, pengo ambalo ndani yake mataifa yanapaswa kuamua yapunguze moshi wa viwanda na magari kwa kasi gani.